Kusamehe: kufuta deni au kufunga mdomo?

HIVI majuzi nilihudhuria mazishi katika Kaunti ya Nyamira. Marehemu alikuwa mzee wa miaka 80 na ushei, muumini tangu ujana wake, na aliacha wana wawili ambao kwa miaka mingi hawakuwa wamesalimiana. Sababu ni ile ile inayozigawa nyumba nyingi za Gusii: mpaka wa shamba. Mkubwa aliusogeza, hatua kadhaa tu, akaingia katika majani chai ya mdogo wake. Mhubiri aliyajua hayo. Akawaita wote wawili mbele ya jeneza la baba yao, akawaambia washikane mikono, wasameheane na kusahau, kwani katika Ufalme wa Mungu hakuna mashamba. Wakashikana mikono. Sisi waombolezaji tukapiga makofi.

Mzee mmoja aliyeketi karibu nami hakupiga makofi. Aliniinamia akaninong'oneza kwa Ekegusii: "Na mpaka je?"

Nimelibeba swali hilo wiki nzima, nikaona afadhali nilitue hapa mbele ya msomaji. Kwa maoni yangu, ni swali la lugha kabla ya kuwa swali la ardhi, na ni swali la historia kabla ya kuwa la dini. Tunaposema "samehe" pale Kisii na Nyamira, tunasema nini hasa?

Tuanze na neno lenyewe. Kitenzi samehe kimetoka katika Kiarabu, katika mzizi unaobeba maana ya ukarimu na kulegeza mkono. Nomino yake, msamaha, imefuata njia hiyo hiyo. Majirani zake wengi nao wamepita njia ya Pwani: dhambi, toba, rehema, suluhu, fidia, deni. Kwa upande mwingine yapo yale ya Kibantu: kosa, ungama, patana. Mimi hupenda sana kosa, kwa sababu kukosa ni kulenga usipate, kama mwindaji aliyetupa mkuki ukapita pembeni. Wanaosoma Kigiriki cha Agano Jipya watakuambia kwamba neno la dhambi mle lina picha iyo hiyo. Nalo patana ni zuri kuliko tunavyolithamini: ni pata na kiambishi cha kutendana, yaani watu wawili waliopotezana sasa wamepatana, huyu amempata yule.

Sasa chukua Sala ya Bwana. Ukisali na Wakatoliki wa Nyabururu, utawasikia wakiomba wasamehewe makosa. Ukivuka mji wa Kisii hadi kwa Waadventista wa Nyanchwa, ambao wanaisoma katika Biblia ya Union Version iliyotoka nzima mwaka wa 1952, utasikia wakiomba wasamehewe deni. Si suala la madhehebu kupenda kutofautiana. Mathayo mwenyewe aliandika deni. Katika Kiaramu, lugha aliyoisema Yesu, neno moja lilitosha kwa deni na kwa dhambi, na kitenzi cha Kigiriki kinachofasiriwa kuwa samehe kilimaanisha kuachilia, pamoja na kumwachilia mtu anayedaiwa. Luka naye anataja dhambi katika nusu ya kwanza ya ombi, lakini anapofika kwa wanadamu wenzetu anarudi kwenye madeni. Hapo wafasiri wa Union Version walitumia umbo ambalo waumini wengi hulipita bila kulitazama: tumwiaye. Niliwahi kuwauliza wanafunzi wangu wa shahada ya kwanza maana yake, darasa zima likanyamaza. Kumbe ni kitenzi -wia, kudai. Kamusi za zamani zinatupa mwia, yaani mwenye kudai, na mwiwa, yaani mwenye kudaiwa. Leo tumebaki na "niwie radhi", na hata hiyo wengi huitamka kama salamu tu.

Basi neno la Injili lilikuwa neno la hesabu. Si la moyo peke yake. Wawili wanajuana, kitu kimechukuliwa, kiasi chake kinajulikana, na mwenye kudai, akiwa na haki yote ya kudai, anaachilia.

Abagusii wa zamani wangelielewa hilo upesi sana. Jamii yetu haikuwa na mfalme. Isipokuwa Kitutu, ambako ulikuwapo uongozi wa kurithiana wa namna fulani, koo zilijiendesha zenyewe kupitia wazee. Aliyekuwa na mamlaka aliitwa omogambi, na mzizi wa neno hilo unaonekana kuwa ndugu wa -gamba ya Kiganda na -amba ya Kiswahili, yaani kusema. Omogambi hakuwa mtu wa taji. Alikuwa mtu wa kusikiliza kesi na kusema neno likashika. Wakristo wanaosali kwa Ekegusii wameuita ufalme wa Mungu obogambi, na nadhani neno hilo lina faida ambayo ufalme hauna. Mtu wa Pwani akisikia ufalme huwaza kiti, ngoma na siwa. Mgusii akisikia obogambi huwaza wazee wameketi chini ya mti, na mashtaka yanasikilizwa hadi mwisho.

Katika baraza la namna hiyo mtu aliyeua hakuambiwa aende akatubu kimya kimya. Ndugu zake walitoa ng'ombe, na ng'ombe hao wangeweza kuleta mke katika boma lililopungukiwa na mtu, ili watoto wazaliwe mahali pa marehemu. Wasioafikiana juu ya ukweli waliapishwa emuma, kiapo ambacho mwongo alikiogopa kwa ajili ya watoto na wajukuu zake. Philip Mayer, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Gusii miaka ya 1940, aliandika kuhusu usemi wa wazee wetu kwamba wale tunaooana nao ndio wale tunaopigana nao. Usemi huo una hekima ya watu ambao hawakuwa na anasa ya kuachana na adui yao: huyo adui alikuwa mjomba wa watoto wako. Ilibidi mpatane, na kupatana kulikuwa na bei iliyotajwa mbele ya mashahidi.

Msinielewe vibaya. Sisemi enzi hizo zilikuwa bustani ya Edeni. Nitalirudia jambo hili baadaye, maana kulikuwa na watu ambao baraza lile halikuwa na neno la huruma kwao.

Kisha Wazungu wakaja, na walikuja kwa mfuatano ambao tusiusahau. Bunduki zilitangulia, Biblia ikafuata. Mwaka wa 1905 kikosi cha serikali ya kikoloni kiliwashambulia Abagusii. Mwaka wa 1907 kituo cha utawala kikafunguliwa Kisii chini ya Geoffry Northcote. Januari 1908 kijana Otenyo, akichochewa na nabii Moraa, alimchoma Northcote kwa mkuki. Northcote hakufa; alipona, akapanda vyeo hadi akawa gavana wa Hong Kong. Waliokufa ni Abagusii. Vijiji vilichomwa, mifugo ikatekwa, na zaidi ya watu 100 waliuawa katika operesheni ya kulipiza kisasi, kiasi kwamba Winston Churchill, aliyekuwa waziri mdogo wa makoloni, alilalamika kutoka London kuhusu wingi wa watu wasio na kinga waliouawa. Otenyo naye aliuawa, na hadi leo simulizi za Kisii zinasema kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Uingereza.

Miaka mitatu baadaye, mwaka wa 1911, mapadre wa Mill Hill walifungua misheni ya Nyabururu. Waadventista wakafuata Nyanchwa mwaka wa 1912. Hebu jiweke mahali pa mama mmoja wa Kitutu wa mwaka ule. Mwanawe amelala kaburini tangu 1908. Ng'ombe wake wako katika zizi la serikali, au wameshauzwa. Anakuja mtu wa rangi ile ile ya wale wa 1908, anamwambia habari njema: Mungu yuko tayari kumsamehe dhambi zake.

Zake! Mama yule angekuwa na haki ya kuuliza ni nani hasa anayemwia mwenzake hapa.

Sitaki kuwadharau wamisionari. Walijenga shule na hospitali, na baadhi yao walizikwa katika udongo wetu. Lakini jambo moja lilitokea katika lugha, na sijaona likijadiliwa vya kutosha. Msamaha ulihama. Ulitoka kwenye uwanja, ambako watu wawili walikabiliana mbele ya mashahidi na ng'ombe wakahesabiwa, ukaingia kifuani, ambako mtu mmoja anazungumza na Mungu. Hata majina yaliashiria kuhama huko. Mungu wa wazee aliitwa Engoro. Jina lililoshika makanisani ni Nyasae, lililotoka kwa majirani wetu Wajaluo, ambako misheni ya Waadventista ilikuwa imetangulia, Gendia, mwaka wa 1906. Biblia nzima kwa Ekegusii ilitoka mwaka wa 1988. Kabla ya hapo, aliyetaka kuisoma yote toka Mwanzo hadi Ufunuo aliisoma kwa lugha ya watu wengine. Si ajabu kwamba wengi wetu tulijifunza kusamehe kwa Kiswahili huku tukiendelea kudai kwa Ekegusii.

Mtihani wa kwanza wa fundisho hilo ulikuja upesi. Septemba 1914 majeshi ya Wajerumani yalivuka kutoka upande wa Tanzania ya leo, na tarehe 12 yakapigana na Waingereza Kisii. Maafisa wa serikali walikuwa wameshaondoka mjini. Watu wakadhani utawala ule umekwisha. Waliingia katika ofisi, maduka na misheni zote mbili, wakabeba walichoweza kubeba. Mapadre na wachungaji walikuwa wamekimbia. Waingereza waliporudi, adhabu ilikuwa faini ya ng'ombe.

Hapo kuna kejeli ambayo ingemchekesha hata mzee aliyefilisika kwa faini hiyo. Serikali ya Wakristo ilipokosewa na Mgusii ilikumbuka ghafla kwamba kosa lina bei, na kwamba bei hiyo ni ng'ombe. Mgusii alipokosewa na serikali mwaka wa 1908, aliambiwa habari za moyo. Sishangai kwamba miaka ile ile wengi walivutiwa na Mumbo, dini iliyoanzia Alego mwaka wa 1913 kwa Onyango Dunde na kuenea hadi Gusii. Mumbo iliahidi kwamba Wazungu wangetoweka na wafuasi wake wangepata mifugo tele. Serikali iliiona kuwa uasi. Mimi naiona pia kuwa namna ya kuuliza: huo ufalme mnaoutangaza, mbona hauna marejesho?

Nasikia tayari sauti ya rafiki yangu mmoja, mtaalamu wa theolojia, akinionya: "Profesa, neema ni ya bure. Ukianza kudai malipo umeua Injili." Ni hoja nzito na siipuuzi. Lakini tusome vizuri. Katika Mathayo sura ya 18 ufalme wa mbinguni umefananishwa na mfalme aliyetaka kufanya hesabu na watumishi wake. Kabla ya msamaha kuna kufungua daftari. Deni la talanta 10,000 linatajwa kwa sauti, mdaiwa anasimama pale anasikia, ndipo linafutwa. Huwezi kufuta kisichoandikwa. Na mtumishi huyo aliporudi kumkaba koo mwenzake aliyedaiwa dinari 100, mfalme hakusema yaliyopita si ndwele. Alimwita, akamkumbusha tena hesabu. Au mchukue Zakayo katika Luka 19. Hakuna mtu aliyemtoza kitu. Yeye mwenyewe alisimama akaahidi kurudisha mara nne kwa aliowadhulumu, na wokovu ukatangazwa nyumbani mwake siku hiyo. Anayefuta deni ni mwenye kudai. Mwenye kudaiwa hana mamlaka ya kujifutia, na mhubiri, kwa heshima zote, hana pia.

Hapo ndipo tulipoteleza. "Samehe na usahau" ni maneno ambayo siku hizi huelekezwa kwa aliyeumizwa, na huelekezwa kwake mapema, kabla aliyeumiza hajafungua mdomo. Katika mazishi, katika harusi, katika mikutano ya amani, mwenye kudai ndiye anayesukumwa. Sikia jinsi tunavyosema: "Wewe ndiye mkubwa kiroho, achilia." Msamaha umekuwa adabu ya kunyamaza.

Mwaka wa 2008 ulituonyesha gharama yake. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mpaka wa Borabu na Sotik uliwaka. Abagusii na Wakipsigis, ambao wamepigana, wameoana na kuuziana mifugo tangu karne ya 19, walichomeana nyumba na kuuana. Si mara ya kwanza. Miaka ya mwanzo ya 1990 palikuwa hivyo hivyo. Baada ya moto mikutano ya maombi ilifanyika, viongozi wa makanisa wakafanya kazi ya kusifika kuwarudisha watu meza moja, na soko likarudi. Lakini waulize waliopoteza ng'ombe, au aliyepoteza mume, kama kuna mtu aliyekuja akataja kwa jina kile alichochukua. Watu wanaishi pamoja, ndiyo, na hilo si jambo dogo. Ila kuishi pamoja huku daftari limefungwa bila kusomwa hakujawa bado kile ambacho Kiswahili kinakiita kupatana.

Mei mwaka huo huo, kukawa na aibu nyingine ambayo hatuna jirani wa kumlaumu. Wazee 11, wanawake wanane na wanaume watatu, walichomwa moto hadi kufa Kisii kwa tuhuma za uchawi. Oktoba 2021, Marani, kina mama wanne wakongwe waliuawa vivyo hivyo. Hii ni nchi yenye kanisa karibu kila kona. Waliobeba petroli si wageni, walikuwa majirani.

Hapa ndipo nilipoahidi kurudi. Baraza la wazee wetu, lile ninalolisifu, halikuwa na njia ya kumrudisha omorogi, mchawi. Kwa mwizi kulikuwa na malipo. Kwa muuaji kulikuwa na ng'ombe. Kwa aliyeitwa mchawi kulikuwa na kufukuzwa au kifo. Hesabu zetu zilikuwa na mtu asiyehesabika, na mara nyingi mtu huyo alikuwa omong'ina, mama mzee, mjane, asiye na mtoto wa kumtetea. Kwa hiyo Injili ilikuwa na jambo la kutuambia ambalo hatukulijua: kwamba katika obogambi hii mpya hakuna anayetupwa nje ya baraza, hata yule mnayemwogopa. Hilo lingekuwa badiliko kubwa kuliko kuacha pombe au kuvaa viatu kanisani. Lakini tulilipokea nusu. Tulichukua msamaha wa kifuani na kuacha mkutano wa uwanjani, halafu tukabaki na woga wetu wa zamani mzima mzima. Wale kina mama wa Marani hawakupata hata kile ambacho mwizi wa ng'ombe wa mwaka wa 1890 angepata, yaani kusikilizwa.

Na wakubwa wa dunia? Wao wamekuwa hodari wa kuchagua maneno. Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba msamaha bungeni kwa dhuluma zilizotendwa na serikali zilizotangulia na yake, akatangaza hazina ya shilingi bilioni 10 kwa waathiriwa. Lilikuwa jambo zuri kisarufi: kosa, mkosaji na malipo katika hotuba moja. Waathiriwa walibaki wakiisubiri pesa hiyo. Oktoba 2023 Mfalme Charles wa Uingereza, akiwa Nairobi, alieleza majuto kwa maovu ya ukoloni na kusema hayakuwa na udhuru. Wanahabari wetu walihangaika na tafsiri siku hiyo. Wengine waliandika ameomba radhi. La hasha. Kujuta ni kitenzi cha mtu mmoja, unaweza kujuta ukiwa peke yako chumbani. Kuomba radhi kunahitaji mtu wa pili ambaye ana uwezo wa kukataa. Mfalme alijuta. Pale Kisii, wanaotaka mabaki ya Otenyo yarudishwe wazikwe na mtu wao wanaijua tofauti hiyo bila kufunguliwa kamusi.

Nirudi Nyamira. Chakula kilipokwisha kuliwa na viti vya kukodi vikaanza kupakiwa kwenye pikapu, yule mzee aliyeninong'oneza alisimama. Kumbe ni wa etureti, baraza la wazee la kijiji. Aliwaita wale ndugu wawili kando, nyuma ya ghala la mahindi, nami nikajikokota karibu kama mtafiti asiye na haya. Hakuwagombeza. Aliwaambia kwamba kushikana mikono kumekuwa kuzuri na baba yao amefurahi. Kisha akauliza Alhamisi itawafaa, asubuhi, waje na kamba, na mama yao awepo kwa kuwa ndiye aliyeushuhudia mpaka ule ukipandwa. Mkubwa akatazama chini kwa muda. Halafu akasema Alhamisi ana safari ya Keroka, afadhali Ijumaa.

"Ijumaa ni sawa," mdogo akasema. Lilikuwa neno la kwanza nililomsikia akimwambia kaka yake siku nzima.